Nani Abebe Gharama ya Uzee?

Tuwachukue wastaafu wawili wa Msanzi, wilayani Kalambo, wa mfano tu. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwingine fundi mitambo katika kampuni binafsi. Wote wamevuka miaka 60 na wote wana presha. Mwalimu akifika hospitali anatoa kadi; fundi anatoa pesa. Fundi hakuwa mzembe. Bima zao zilipangiwa bei kwa njia mbili zisizofanana, na hapo ndipo penye kiini cha sura hii.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hukata asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma: nusu yake mwenyewe, nusu mwajiri. Haumuulizi umri. Mwalimu wa miaka 25 na wa miaka 58 hukatwa asilimia ileile, ingawa anayeonana zaidi na daktari ni huyu wa pili. Akistaafu, mwanachama na mwenza wake huendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Vijana walioko kazini ndio wanaobeba gharama, kama yeye alivyowabebea waliomtangulia.

Bima ya fundi ililipiwa na mwajiri, ikakoma siku ajira ilipokoma. Kuanzia hapo anauziwa bima kwa umri wake. Katika vifurushi ambavyo NHIF yenyewe ilivitangaza Novemba 2019, cha chini kabisa, cha kijana, kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Cha juu kabisa, cha mtu wa miaka 60 na zaidi, kilifika 984,000. Mwenye pensheni ya shilingi 150,000 kwa mwezi hupata 1,800,000 kwa mwaka. Kifurushi hicho kingemeza zaidi ya nusu, na mkewe bado hajakatiwa. Tupime kwa mahindi, maana huku Ufipa, ilipo Kalambo, ndiyo hesabu inayoeleweka haraka: kwa shilingi 700 kwa kilo, hayo ni magunia 14 ya kilo mia, kila mwaka, kabla ya mbolea na ada ya mjukuu.

Kwa nini bei iwe kali hivyo? Bima ya hiari huvutia kwanza wanaoumwa. Mzima husubiri, mgonjwa hukimbilia. Mfuko hulipa zaidi kuliko unavyokusanya, bei hupanda, wazima wachache waliobaki nao huondoka. Ndiyo maana mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote: mzigo ukigawanywa kwa wote, mzee hauziwi bima kwa umri wake. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Fundi anayo kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, nayo ni msaada wa kweli kwenye zahanati na kituo cha afya. Lakini kadi hiyo inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, Sumbawanga. Figo zikianza kusumbua akapewa rufaa ya Mbeya, anapanda basi kupitia Laela na Tunduma akiwa na pesa taslimu mfukoni, au bila hizo. Kwenye safari ya namna hii ndipo shamba huuzwa, na kiinua mgongo kilichokusudiwa kumalizia nyumba kikaisha kwa miezi.

Hata mwalimu hayuko salama moja kwa moja. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wenye kadi zikilalamikia bei. Tena watoto wake walitoka kwenye kadi alipostaafu. Amebaki yeye na mwenza. Nauli, malazi ya anayemsindikiza na dawa iliyo nje ya kitita havilipiwi na bima yoyote kati ya hizi.

Mjadala wa kikokotoo cha pensheni umejaa asilimia za mkupuo: 33 mwaka 2022, kisha 40 kwa baadhi ya wastaafu mwaka 2024. Ni haki yao kuupigania. Lakini fundi mwingine aliyebakiza mwaka mmoja kazini ana swali jingine la kumpelekea mwajiri wake mapema, kwa maandishi: bima hii inaisha tarehe gani, na mke wangu atatibiwa kwa kadi ipi siku inayofuata?