Nyama kavu ya pilipili: mizani kwanza, pilipili baadaye

Kilo tatu za steki zikikaushwa sawasawa hubaki kilo moja, au pungufu kidogo. Mfanyabiashara mdogo wa Lisekese, mjini Masasi, anayefikiria kuanza kutengeneza nyama kavu ya pilipili jikoni kwake, aanze na hesabu hiyo kabla hajaulizia bei ya viungo. Kinachotoka kwenye nyama ni maji, na maji hayo aliyanunua buchani kwa bei ya nyama.

Kukausha chakula si elimu mpya Masasi wala Newala. Mihogo hugeuzwa makopa, mabibo huanikwa, na ng'onda wa samaki hupanda magari kutoka pwani. Aliyechelewa kufika ni ng'ombe. Kwa miaka mingi mbung'o walizuia ufugaji mkubwa kusini, na hali ilianza kubadilika hasa baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mkoani Mbeya na wengi wao kuelekezwa mkoani Lindi. Kwingineko nyama kavu ni biashara ya siku nyingi. Kaskazini mwa Kenya kuna nyirinyiri, nyama inayokaushwa kisha kukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, na soko lake linafika hadi Eastleigh, Nairobi. Kusini mwa Afrika kuna biltong ya siki na giligilani.

Tatizo la Masasi ni kalenda. Jua kali lenye hewa kavu hupatikana kuanzia Juni hadi Oktoba. Fedha za korosho huanza kuonekana baada ya minada kufunguliwa, kwa kawaida Oktoba, na huendelea kuingia Novemba na Desemba, wakati mawingu yameshaanza kukusanyika. Kwa hiyo anayetaka kumuuzia mkulima mwenye fedha mfukoni hana budi akaushe Agosti na auze Novemba. Huyo ameingia katika biashara ya kutunza mzigo, si ya kupika tu. Newala, juu ya uwanda, ukungu wa asubuhi hupunguza saa za kuanika, na katika hilo aliye Masasi chini ana nafuu.

Nyama inayofaa ni ya paja, isiyo na mafuta, iliyonunuliwa asubuhi ya kuchinjwa na yenye mhuri wa mkaguzi. Mafuta hayakauki, bali huchacha, na kipande kimoja chenye mafuta huharibu harufu ya mfuko mzima. Kuhusu mhuri hakuna mjadala. Kibudu kinachouzwa kwa bei ya kutupa kinaweza kuwa na kimeta, na vimelea vya kimeta haviuawi na pilipili, chumvi wala jua.

Nyama hukatwa vipande virefu kwa kufuata nyuzi zake, unene wa sentimita moja usizidi. Kwa kilo kumi hutosha chumvi gramu 200 hadi 250, pilipili kichaa kavu iliyotwangwa vijiko vinne au vitano, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, giligilani na siki au ndimu. Chumvi ya mashamba ya pwani ya Lindi na Mtwara inafaa, ila ipepetwe mchanga. Nyama ikae ndani ya viungo saa mbili au tatu mahali penye ubaridi. Asiye na jokofu asiilaze usiku kucha.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kabla ya kuanikwa, vipande vichemshwe ndani ya siki na viungo vyake, pamoja na maji kidogo, mpaka katikati ya nyama pasibaki wekundu. Wataalamu wa Marekani hutaka joto la nyama lifike nyuzi 71 za Sentigredi kabla ya kukausha. Sababu yao ni kwamba vijidudu vikianza kukauka pamoja na nyama huwa vigumu kuuawa na joto linalokuja baadaye. Mwaka 2003 huko New Mexico watu waliugua salmonela baada ya kula nyama kavu iliyotengenezwa kiwandani, na kiwanda kina vifaa kuliko jiko la mkaa.

Baada ya hapo vipande vining'inizwe kwenye waya au kamba safi, visigusane, chini ya wavu wa kuzuia inzi. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1990 kuhusu kuhifadhi nyama kwa njia rahisi unapendekeza kuning'iniza kuliko kulaza, kwa kuwa hewa hupita pande zote. Kuanika juu ya bati ni kukaribisha vumbi na paka. Fundi seremala anaweza kuunda kaushio la jua kwa mbao, nailoni angavu na bati lililopakwa rangi nyeusi, lenye matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Jioni nyama huingizwa ndani kabla ya umande. Kazi hiyo huchukua siku tatu hadi tano. Kipande kilichoiva kwa jua kikikunjwa hupasuka nyuzi bila kukatika.

Mizani ndiyo shahidi wa mwisho. Chukua mfano: kilo kumi za steki kwa sh. 12,000 ni sh. 120,000. Viungo na siki sh. 8,000, mkaa na vifungashio sh. 12,000. Jumla sh. 140,000. Zikibaki kilo 3.3, hutoka pakiti 66 za gramu 50, na kwa sh. 3,000 kila moja mauzo ni sh. 198,000. Ziada ni sh. 58,000, kabla ya kulipa jasho la mtengenezaji na nauli.

Sasa angalia kishawishi. Nyama hiyohiyo ikianuliwa mapema, ikiwa na kilo 4.5, hutoa pakiti 90 na mauzo ya sh. 270,000. Mwenye haraka huona sh. 72,000 za bure. Lakini hizo ni fedha za maji, na baada ya siku chache ndani ya pakiti maji hayo huota ukungu. Mzigo mmoja ukitupwa, sh. 140,000 zimekwenda, na itabidi mizigo miwili mizuri na karibu nusu ya wa tatu kuzirudisha. Mteja aliyefungua pakiti yenye ukungu stendi ya Masasi, akiwa njiani kwenda Tunduru au Mtwara, hahesabiki humo.

Kwa bei hiyo hakuna atakayenunua nyama kavu kwa mboga, kwani pakiti ya gramu 50 ni nyama mbichi ya gramu 150 tu. Inashindana na korosho za kukaanga na mishikaki, mkononi mwa msafiri na mezani kwa mnywaji. Hao ndio wa kupelekewa.

Nyama ipoe kabisa kabla ya kufungwa, kwani ikifungwa ya moto hutoa jasho. Ikae kwanza ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko kwa siku tatu, na chombo kikionyesha unyevu irudi juani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, ila vifungashio vya chakula havimo katika marufuku hiyo. Anayetaka kuingia madukani atahitaji TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula kazi iliyokuwa ya TFDA, na barua ya utambulisho ya SIDO humsaidia mzalishaji mdogo kuanza safari hiyo.

Mizigo kumi iliyokaushwa Agosti kwa gharama za mfano huo ni sh. milioni 1.4 zilizolala hadi Novemba. Aliyezikopa kwa riba ya kila mwezi apige hesabu upya. Mwenye mtaji wake akaushe mzigo mmoja Julai, aupime, aufunge, kisha aufungue Septemba na kuupima tena kabla ya kununua steki nyingine.