Neno Moja Linaloihamisha Dar es Salaam

Muulize mwanafunzi latitudo ni nini, atakujibu bila kusita: ni mistari ya kufikirika iliyochorwa kwenye ramani kutoka mashariki hadi magharibi. Mpe atlasi sasa, aitafute Dar es Salaam: digrii 6 dakika 48 Kusini, digrii 39 dakika 17 Mashariki. Hapo ndipo wengi hukwama.

Makosa mengi hutokana na upande, na naamini mwalimu anapaswa kuyafundisha makosa hayo waziwazi. Andika namba hizo ubaoni, kisha darasa libadilishe neno moja tu. Wakiweka Kaskazini badala ya Kusini, watafika Ethiopia, jirani na milima ya Bale. Wakiweka Magharibi badala ya Mashariki, watatua kaskazini mashariki mwa Brazili. Wakigeuza namba zenyewe, 39 Kusini na 6 Mashariki, wataangukia baharini, Atlantiki, mbali kusini magharibi mwa Cape Town. Aliyeifuata njia hiyo kwa kidole chake hasahau upesi kwamba latitudo hutangulia, wala haachi namba bila upande.

Ukurasa usipoonyesha Ikweta, tazama namba za pembeni. Zikiongezeka kadiri unavyoshuka, uko kusini ya Ikweta. Zikiongezeka kuelekea kulia, uko mashariki ya Greenwich.

Kisha kuna dakika, na hapa simu imeongeza mkanganyiko. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 48 ni sehemu 0.8 ya digrii. Simu huandika Dar es Salaam kuwa -6.8, alama ya kutoa ikisimama badala ya neno Kusini. Mwanafunzi anayeandika 6.48 huona amepatia. Lakini digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, na tofauti hiyo ndogo imempeleka kaskazini kilomita 35 hivi, karibu usawa wa Bagamoyo. Kwa nahodha au daktari anayesubiri ndege ya dharura, kilomita 35 ni nyingi mno.

Longitudo, ile namba ya Mashariki au Magharibi, ina zawadi yake, nayo ni saa. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kila dakika 4. Saa za ukutani Kigoma na Dar es Salaam husoma sawa, ila jua la Kigoma huchelewa, na adhuhuri huingia huko dakika 38 au 39 baadaye. Wanafunzi walete ratiba za swala za miji hiyo miwili kwa siku moja, watoe tofauti ya adhuhuri, wagawe kwa 4, wapunguze jibu kutoka longitudo ya Dar es Salaam. Watapata namba iliyo karibu sana na digrii 29 dakika 38, longitudo ya Kigoma, kabla hawajafungua atlasi.