Asilimia za Hewa Ukaa: Jiji Linaahidi Nini Hasa?

Mwaka 2012 Copenhagen ilipitisha mpango wa kuwa mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ukaa angani, yaani kinachotoka kisizidi kinachofidiwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa 2025. Agosti 2022 lengo hilo liliwekwa kando, ingawa mji haukuwa umelala: utoaji wa gesi joto ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili tangu 2005. Kilichokwama ni mtambo wa kuchoma taka wa Amager Bakke. Ulitarajiwa kufungiwa mashine ya kunasa hewa ukaa kabla haijatoka kwenye bomba la moshi, lakini kampuni inayouendesha, mali ya manispaa tano, ilishindwa kutimiza masharti ya kifedha ya ruzuku ya serikali kuu. Hesabu yote ya 2025 ikaanguka.

Asilimia inayotangazwa na jiji hutokana na maamuzi manne: nini kihesabiwe, kilinganishwe na nini, jiji libebe mzigo kiasi gani, na nani mwenye mamlaka ya kutenda. Matatu ya kwanza hujadiliwa sana na wataalamu. Wa nne ndio huamua kama lengo litatimia.

Tuanze na kuhesabu. Tangu 2014 upo mwongozo wa pamoja ulioandaliwa na World Resources Institute, mtandao wa majiji wa C40 na shirika la ICLEI. Unagawa gesi joto za jiji katika mafungu matatu. La kwanza ni zile zinazotoka ndani ya mipaka yake: dizeli ya daladala, gesi ya kupikia, viwanda. La pili ni umeme wa gridi unaotumika mjini, hata kama umefuliwa mamia ya kilomita mbali. La tatu ni zile zinazotokea nje kwa sababu ya shughuli za mjini, kama taka zinazokwenda kuzikwa wilaya nyingine. Bidhaa zinazoagizwa kutoka mbali mara nyingi huachwa. Copenhagen iliziacha, pamoja na safari za ndege za wakazi wake.

Mkaa unaonyesha jinsi kanuni za kuhesabu zinavyoweza kuficha mzigo. Gunia linalopikia Manzese, Dar es Salaam, limetokana na miti ya mikoa ya Pwani au Morogoro. Kwa mwongozo huo, hewa ukaa itokayo kwenye kuni na mkaa huandikwa pembeni, nje ya jumla, kwa hoja kwamba mti utakaoota utaivuta tena. Kinachoingia kwenye jumla ni gesi nyingine za moshi huo, kama methani. Hoja hiyo husimama pale tu msitu unapoota upya. Usipoota, jiji linaonekana safi kwenye karatasi huku msitu ukiisha. Copenhagen nayo ilinufaika na kanuni hiyohiyo, kwani sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na kuacha makaa ya mawe na kuchoma vipande vya mbao katika mitambo ya kupasha nyumba joto.

Uamuzi wa pili ni wa kulinganisha. Miji ya Ulaya huchagua mwaka fulani wa nyuma. Copenhagen ilianzia 2005. Oslo inataka kupunguza asilimia 95 ifikapo 2030, ikilinganisha na 2009. Nchi zinazoendelea kwa kawaida hulinganisha na makadirio ya hali itakavyokuwa zisipochukua hatua yoyote. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030 kutoka kwenye makadirio ya tani milioni 143, hivyo hata ahadi ikitimia zitabaki tani zipatazo milioni 97. Tanzania nayo, mwaka 2021, iliahidi asilimia 30 hadi 35 kwa mtindo huohuo. Hakuna ubaya katika hilo, maana nchi ambayo watu wake wengi bado hawana umeme wa kutosha lazima iachiwe nafasi ya kukua. Hatari iko kwenye makadirio yenyewe. Yakikuzwa kupita kiasi, aliyeyaandaa anafanana na mfanyabiashara anayepandisha bei ndipo atangaze punguzo.

Uamuzi wa tatu ni wa haki. Mwaka 2018 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilieleza kwamba ili ongezeko la joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5, utoaji wa hewa ukaa duniani ushuke kwa takriban asilimia 45 kati ya 2010 na 2030, kisha karibu na 2050 kinachotoka kisizidi kinachoondolewa angani. Kuhusu nani abebe kiasi gani, miaka miwili kabla ya hapo C40 ilikuwa imegawa majiji wanachama wake kwa kipato na kwa gesi joto za kila mkazi. Tajiri anayechafua sana ashuke kwa kasi mara moja. Maskini anayechafua kidogo aruhusiwe kupanda kwa muda kabla ya kuanza kushuka.

Sasa tufike kwenye mamlaka. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni tano katika Mkoa wa Dar es Salaam, lakini hakuna ofisi moja ya jiji inayowasimamia wote. Februari 2021 halmashauri ya jiji ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji, hivyo leo mkoa una halmashauri tano. Umeme ni wa shirika la taifa, Tanesco, mabasi ya mwendokasi yako chini ya wakala wa serikali, na kodi ya mafuta na ya magari hupangwa na serikali kuu. Halmashauri zimebaki na taka, masoko, vibali vya ujenzi, njia za waenda kwa miguu na miti ya mjini.

Taka si jambo dogo. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya vyakula na majani. Yakifukiwa dampo la Pugu Kinyamwezi au kurundikwa Dandora, Nairobi, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kutenganisha taka za sokoni na kuzigeuza mboji kuko mikononi mwa halmashauri na hakuhitaji mashine ya mabilioni.

Oslo imepata njia ya kufunga pengo kati ya ahadi na mamlaka. Tangu bajeti yake ya 2017, hesabu ya gesi joto hupitishwa pamoja na hesabu ya fedha. Kila hatua huandikwa idara inayohusika, fedha zake na, inapowezekana kukadiriwa, tani itakazopunguza. Hatua zikijumlishwa zisifikie lengo, upungufu unaonekana palepale, bila kungoja 2030.

Kwa hiyo mpango wa tabianchi unapofika kwenye baraza la madiwani wenu, ombeni jedwali linaloonyesha tani ngapi ziko mikononi mwa halmashauri na ngapi zinamtegemea mwingine. Asilimia tano zilizo ndani ya uwezo wake, zenye fungu la fedha, zina uzito kuliko sifuri ya 2050 isiyo na mwenyewe. Kuhusu mboji ya soko la Ilala, diwani anaweza kuulizwa mwaka huuhuu wa fedha.