Injini ikifa: Kushusha, kubadili au kuuza vipande?

MWENYE gari anayefika Gerezani, Dar es Salaam, na injini inayofuka moshi huanza kwa kuuliza bei ya ovahoo. Swali hilo halistahili kuwa la kwanza. Bei ya matengenezo peke yake haisemi kitu mpaka iwekwe kando ya bei nyingine mbili: gari lingeuzwa kwa kiasi gani likiwa linatembea, na lingeuzwa kwa kiasi gani leo likiwa limelala. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo inayonunuliwa kwa fedha ya fundi. Kinachozidi hapo ni hasara, hata kama fundi ni hodari na amepunguza bei kwa urafiki.

Hesabu hiyo haifanywi na wengi, na sababu mojawapo ni mazoea ya zamani. Kabla ya mwaka 1984, serikali ilipoanza kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe, gari lililokufa halikuwa na mbadala wa karibu. Lilitengenezwa kwa gharama yoyote, kwa spea za kuchongesha, na aliyefanya hivyo hakukosea, maana hakuwa na gari jingine la kwenda kununua. Mlango ulifunguliwa, mitumba ya Japani na Dubai ikamiminika bandarini, lakini tabia ya kulitibu gari hadi pumzi ya mwisho haikuondoka.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Hao husikia kwamba Japani gari la miaka kumi huonekana limechoka, wakadhani na la kwao halina thamani. Japani gari dogo la mtu binafsi hupita ukaguzi wa lazima miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila miaka miwili, na gharama zake huwafanya wengi waliuze mapema. Hapa Tanzania bei hupandishwa na kodi. Anayeingiza gari dogo hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa kufuata ukubwa wa injini, nyongeza ikiwa gari lina umri mkubwa, na VAT ya asilimia 18 juu ya hayo yote. Kodi ya gari linaloingia ndiyo inayolipa thamani gari lililopo. Ndiyo maana Corolla ambayo Japani ingekuwa imekwisha kugeuzwa vyuma bado ina mteja Ilala.

Kabla ya kupanga bei yoyote, ugonjwa ujulikane. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa gereji nyingi huhukumu kwa kusikiliza mlio tu. Injini kuchemsha si lazima iwe imekufa. Huenda ni themostati, feni, pampu ya maji au rejeta iliyoziba, hasa kwa wale wanaojaza maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya hedi. Hedi nyingi za magari madogo ni za aluminiamu na hupinda kwa joto. Ikiwa haijapasuka husawazishwa kwenye mashine na kurudishwa. Mkanda wa taimingi ukikatika, injini nyingine huumia valvu papo hapo, lakini za jamii ya 4A-FE na 5A-FE zilizofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 zimeundwa kiasi kwamba pistoni hazigongani na valvu. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa anunue injini kwa sababu ya mkanda, aondoke.

Moshi wa bluu na injini kula oili ni habari nyingine. Kipimo cha mgandamizo kwenye kila silinda huchukua muda usiofika saa moja, na fundi asiye nacho si wa kuaminiwa kutoa hukumu ya mamilioni. Silinda zikipishana sana kuna kasoro. Hapo humwagwa oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: mgandamizo ukipanda, ringi na kuta za silinda ndizo zilizolika, usipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kazi ya valvu na hedi ni ya fedha ya wastani. Ringi na silinda maana yake ni kushusha injini, kutanua silinda, kununua pistoni za ova saizi, na pengine kuchonga krenki.

Tuchukue mfano wa mstaafu aliyenunua Corolla kwa kiinua mgongo na kumkabidhi dereva aendeshe teksi. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu. Msomaji aweke za kwake baada ya kuzunguka Kariakoo.

Tuseme gari likitembea lina bei ya Sh. 5,000,000, na likiwa limelala wanunuzi wa vipande wanatoa Sh. 1,800,000. Tofauti ni Sh. 3,200,000. Ovahoo kamili ni Sh. 1,400,000, injini ya mtumba pamoja na kufunga ni Sh. 1,600,000. Kwa haraka, ovahoo inashinda. Lakini teksi hiyo huleta hesabu ya Sh. 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ovahoo ikichukua wiki tatu kwa kusubiri mashine ya kuchongea na pistoni, mstaafu anapoteza Sh. 360,000, na gharama halisi inakuwa Sh. 1,760,000. Injini ya mtumba ikifungwa kwa siku tatu inapoteza Sh. 60,000 tu, jumla Sh. 1,660,000. Siku za kulala gereji hazimo kwenye risiti ya fundi, lakini ada ya shule ya mtoto inazijua.

Injini ya mtumba nayo ni kubahatisha. Imetoka kwenye gari lililovunjwa ng'ambo na kilometa zake hazijulikani. Mnunuzi apime mgandamizo kabla ya kulipa, afungue kifuniko cha juu aangalie kama kuna tope jeusi la oili, aulize garantii ni ya siku ngapi, na adai risiti ya mashine ya EFD. Muuzaji akikataa kipimo, bei yake hata iwe nzuri vipi haina maana. Aidha, kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, hivyo mabadiliko hayo hayana budi kupelekwa TRA. Kuliacha jambo hilo ni kujitafutia maswali siku ya kuuza.

Kinachoamua zaidi ya injini ni bodi, na hapa ndipo mstaafu wetu anaweza kuokoka au kuzama. Injini hubadilishwa kwa siku chache. Sakafu iliyoliwa na kutu haina mbadala wa rahisi. Magari yanayolala karibu na bahari hushambuliwa na hewa ya chumvi kutoka chini, mahali ambapo rangi mpya haionyeshi kitu. Gari lipandishwe, fundi wa bodi agonge kwa bisibisi pale shokapu zinaposhikiliwa na kwenye mikono ya chini ya milango. Bisibisi ikizama, hesabu ibadilike. Kama kuchomelea kutagharimu Sh. 1,200,000, na shokapu pamoja na matairi Sh. 700,000, basi pamoja na injini mstaafu atatumia zaidi ya Sh. 3,500,000 ili apate nyongeza ya thamani ya Sh. 3,200,000. Hapo gari limekufa, ingawa injini yake inatibika.

Kosa la mwisho ni lile la kuhesabu fedha iliyokwisha kutumika. Aliyefunga giaboksi mwezi uliopita husema hawezi kuliacha gari sasa. Fedha ya giaboksi imekwenda, haitarudi kwa kuongezewa nyingine. Isipokuwa giaboksi hiyo nzima hupandisha bei ya vipande, jambo linalotia nguvu upande wa kuuza, kinyume na anavyodhani mwenyewe.

Katika kuuza, wa kukimbiwa ni mnunuzi wa kwa kilo. Corolla ya aina hiyo ina uzito wa kama kilo 1,000 hivi, na chuma chakavu huenda kuyeyushwa kuwa nondo. Anayenunua kwa mzani halipii taa, vioo, milango wala giaboksi kwa thamani yake. Ziulizwe kwanza bei za wauza spea zilizotumika, angalau watatu, kisha ganda litakalobaki ndilo lipelekwe kwenye mzani.

Na uuzaji usicheleweshwe. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, gari lililolala halidaiwi kitu na serikali, na wenye nayo wameona hakuna haraka. Lakini likikaa chini ya mwembe, betri hung'olewa, rejeta hutoboka, panya hutafuna nyaya, na mnunuzi wa vipande hurudi na bei ndogo kuliko aliyoitaja mara ya kwanza. Atakapolipa, makubaliano yaandikwe, kadi na namba za gari zisiachwe zikaenda ovyo, na TRA ijulishwe kwamba gari hilo si la mstaafu tena.