Rais aliye madarakani na kizimba cha mahakama

Tarehe 8 Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, baada ya kumkaimisha makamu wake madaraka. Hakuna rais aliye madarakani aliyefika hapo kabla yake. Desemba mwaka huo mashitaka yakaondolewa, ushahidi haukutosha.

Kwetu Tanzania, ibara ya 46 ya Katiba hairuhusu Rais ashitakiwe kwa jinai akiwa madarakani. Kwa madai binafsi, aweza kushitakiwa baada ya taarifa ya siku 30.

Mafakihi walilijadili suala hili zamani. Wanavyuoni wa Kihanafi walisema kiongozi asiye na wa juu yake hasimamishiwi adhabu ambazo ni haki ya Mwenyezi Mungu, kama ya zinaa, kwani yeye ndiye mwenye kuzisimamisha, na mtu hajiadhibu mwenyewe. Ama akiua au akila mali ya mtu, hushikwa. Haki hiyo ni ya mja, na mwenyewe huidai, Waislamu wakimsaidia. Jumhuri, wakiwemo Mashafii tunaowafuata wengi wetu huku pwani, hawakumvua hata zile za kwanza.

Basi waliompa kiongozi nafuu kubwa kabisa hawakuifikisha kwenye damu, nayo Katiba imeifikisha huko. Watetezi wake husema dola haiendeshwi kutoka kizimbani, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mwenye mali asubiri siku 30, na mjane wa aliyeuawa asubiri muhula uishe? Hatujaona fakihi aliyepanga hivyo.