SOMO LA REDIO: DIRISHA LA KUHESABIA MVUA

Wasikilizaji wetu wa madarasa ya watu wazima huko Nachingwea na Ruangwa, somo hili ni lenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali futa ubao. Wanafunzi, shikeni kalamu.

Leo twasoma habari za programu za takwimu, yaani zile zinazoiwezesha kompyuta kuhesabu namba nyingi kwa mara moja: kilo za korosho zilizopokewa ghalani, au milimita za mvua za miaka 30. Programu moja kubwa ya kazi hii yaitwa R. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haiuzwi, kila mtu aruhusiwa kuichukua bure.

R ina nguvu sana, lakini haina ukarimu. Ukiifungua, yakuonyesha alama ndogo tu, nayo yangoja amri. Amri hizo sharti uziandike kwa maneno ya Kiingereza, bila kukosa hata herufi moja. Ukiweka herufi kubwa mahali pa herufi ndogo, yakataa. Ukisahau kufunga mabano, yakaa ikingoja uyafunge. Mtu aliyejua kusoma mwaka jana tu atafanya nini hapo? Hata karani mwenye elimu yake huweza kuzima kompyuta akarudi kwenye daftari.

Dawa yake ni kuijengea programu uso mwingine. Wataalamu huuita kiolesura. Sisi leo tutauita dirisha. Mnajua duka la kijijini. Mteja haingii nyuma kutafuta chumvi gizani. Husimama dirishani, akaonyesha kwa kidole kile anachotaka, na mwenye duka akamletea.

Kazi hiyo imekwisha kufanywa hapa hapa Afrika Mashariki. Zamani Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilikuwa na programu iitwayo Instat, iliyotumiwa kufundishia na kwa hesabu za hali ya hewa. Bwana Roger Stern alikuwa mmoja wa walioitengeneza. Mwaka 2015 chama cha African Maths Initiative cha Kenya, pamoja na wenzao, walichangisha fedha kwa watu ili waijenge upya juu ya R. Ndiyo iitwayo R-Instat, nayo pia ni bure.

Basi, dirisha lake hufanyaje kazi? Juu pana menyu, yaani orodha ya kazi. Ukibonyeza kazi moja, chafunguka kidirisha. Ndani yake mna majina ya safu zako: tarehe, kituo, mvua. Kando pana nafasi tupu. Wachagua mvua, waiingiza katika nafasi ile, kisha wabonyeza kitufe cha kukubali. Lakini kitufe hicho chabaki kimefifia, hakibonyezeki, mpaka uwe umejaza yanayotakiwa. Mimi napenda jambo hili kuliko mengine yote. Mjenzi hakungoja mwanafunzi akosee ndipo amkemee. Tena programu huiandika ile amri ya R iliyotumika, ili mwenye kutaka kujifunza aisome pole pole.

Sasa tazameni ubao. Mwalimu, andika mvua ya siku tano, kwa milimita:

14, 0, 10, (wazi), 16

Siku ya pili haikunyesha, kwa hiyo ni sifuri. Siku ya nne mpimaji aliugua, hakwenda kwenye kipimo. Hatujui kama ilinyesha. Tafuteni wastani.

(Darasa lifanye hesabu. Dakika mbili.)

Jumla ni 40. Siku zilizopimwa ni 4. Wastani ni milimita 10. Lakini aliyeiandika siku ya nne kuwa sifuri amegawanya kwa 5, akapata 8. Mvua imepungua kwenye karatasi, wala si mbinguni.

R yenyewe, ukiiuliza wastani wa namba hizi na pengo lake, haikupi namba. Yaandika herufi mbili tu, NA, maana yake habari haipo. Ni jibu la kweli, lakini mgeni hulidhani ni kosa lake. Kwenye kidirisha pana mahali pa kuweka alama kwamba siku zisizopimwa ziachwe. Hapo ndipo mjenzi apaswa kuwa mwangalifu. Akiziacha kimya kimya, mtumiaji hatajua kama ilikosekana siku moja au mwezi mzima. Kwa maoni yangu dirisha jema husema waziwazi: siku 4 zimehesabiwa, siku 1 haikupimwa.

Na kwenye jumla ya msimu hatari ni kubwa zaidi. Mvua za kwenu huanza kuelekea mwisho wa mwaka, zikaisha Aprili au Mei. Ikikosekana mwezi mmoja kwenye daftari, mwaka mwema waonekana kuwa wa ukame, na mkulima ashauriwa mbegu isiyomfaa.

Wana Nachingwea, mmesimuliwa Mpango wa Karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa, Urambo na Nachingwea zilifyekwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Reli pia ilijengwa. Nayo baadaye ikang'olewa.

Kazi ya nyumbani. Magunia matano ya korosho yamefika ghalani. Kilo zake ni 80, 78, (wazi), 82, 80. Gunia la tatu halikupimwa. Tafuteni wastani kwa njia mbili, ya haki na ya makosa. Kisha kila mmoja achore dirisha lake kwenye daftari: safu gani zionekane, vitufe viitweje kwa Kiswahili, na litaje nini juu ya gunia la tatu. Mwenye gunia lile asome mchoro wenu, aseme kama ameuelewa.

Kwaherini.