Katalogi ya maktaba: kutoka CDS/ISIS kwenda Koha

CDS/ISIS ni programu ya katalogi iliyotengenezwa na UNESCO. Toleo lake la kompyuta za mezani lilitoka mwaka 1985, likatolewa bure kwa taasisi zisizofanya biashara, na hivyo likaenea sana katika maktaba za nchi zinazoendelea. Wakutubi waliolizoea hawataki kuliacha, na wana sababu. Lilikwenda kwenye mashine dhaifu za DOS, halikuhitaji intaneti wala kipanya, na mkutubi alijipangia mwenyewe sehemu za rekodi kulingana na vitabu alivyo navyo. Ukiandika AUGUSTIN$ linakuletea Augustinus, Augustine na Augustino kwa pamoja. Frateri anayeandika tasnifu usiku anahitaji nini zaidi?

Tatizo ni kwamba mashine zake zimekwisha. Programu za DOS hazifunguki moja kwa moja kwenye Windows ya biti 64. Ipo DOSBox, ya bure, inayoiga DOS ndani ya kompyuta mpya, lakini inamsaidia mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta moja, naye kwa kawaida ni yule mkutubi anayejua alama zote. Padre huyo akihamishwa, katalogi imefungwa.

Mbadala ninaoupendekeza ni Koha. Ilianza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, Nyuzilandi. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli hailipiwi leseni. Inafunguliwa kwa kivinjari, hivyo hata mwanafunzi mwenye simu anaweza kujua kitabu kipo au kimeazimwa.

Kutoa rekodi kwenye CDS/ISIS ni rahisi: programu yenyewe inazitoa kwa muundo wa ISO 2709. Kazi iko katika kuziingiza kwenye MARC21, muundo ambao Koha inautumia na ambao namba zake zimekwisha pangwa. Mwandishi huenda 100, jina la kitabu 245, mada 650. Lakini je, ile sehemu aliyoibuni mkutubi wa zamani kuandika jina la mfadhili aliyetoa kitabu, pengine pamoja na nia ya kumwombea? Usipoipangia mahali, itaachwa nje, na hakuna atakayegundua kwa miaka. Iweke 541, panapoandikwa kitabu kilivyopatikana. Kabla ya kugusa chochote, kaa na mkutubi mzee, mpitie sehemu moja moja, mkiandika kila moja ilikuwa na maana gani. Kikao hicho kina thamani kuliko fundi yeyote.

Jambo la pili ni herufi zenye alama. DOS iliziandika kwa namba tofauti na Windows, kwa hiyo faili isipogeuzwa sawasawa, Thérèse wa Lisieux atatokea kama Th‚rŠse, na anayemtafuta kwa jina lake halisi hatampata. Waambie wanaohamisha kuwa herufi zinatoka kwenye mpangilio wa DOS, 437 au 850, zinaingia UTF-8. Kisha jaribu kwanza rekodi 50, hasa za vitabu vya Kifaransa na Kijerumani.

Nakala za vitabu nazo zahitaji uvumilivu. Mara nyingi CDS/ISIS iliandika tu kwamba nakala ni 3. Koha inataka kila nakala na msimbopau wake, katika sehemu ya 952. Hapo mafrateri wataingia kwenye rafu na kuhesabu, na watakuta vitabu ambavyo havipo.

Wazoefu watasumbuka kidogo na alama. Nyota, iliyokuwa na maana ya “na” katika CDS/ISIS, kwenye Koha inafanya kazi ya ile alama ya dola: andika augustin*. Kwa muhula mmoja acheni mifumo yote miwili ifanye kazi, rekodi mpya zikiingizwa Koha tu. Faili ya ISO ihifadhiwe sehemu mbili, moja nje ya jengo la maktaba, na kadi za karatasi, kama bado zipo, zisichomwe.